Maneno ya Kuandikiwa

Chiriku alikuwa ameimba mara tatu, lakini kompyuta ilimrudishia sauti nne.

Alirudia kusikiliza huku akihesabu kwa vidole. Sauti ya kwanza ilikuwa ile inayoongoza wimbo. Ya pili ilikaa juu yake, nyembamba. Ya tatu ilikuwa ya chini, ya kifuani. Hizo ndizo alizorekodi asubuhi ile, moja moja, akiwa amesimama ndani ya kabati la nguo huku magauni yakimpapasa masikio. Ya nne ilipita katikati yao bila haraka, ikaimba kiitikio chote, ikanyamaza pale zilipopaswa kunyamaza zote.

Kabati lile ndilo lililokuwa studio yake. Nguo hunyonya mwangwi, na Chiriku hakuwa na uwezo wa kukodi chumba cha watu. Kila siku saa nne asubuhi, majirani wakiwa makazini, aliingia humo na maiki yake, akafunga mlango, akaimba mpaka jasho limshinde. Saa nane alioga, akavaa sare, akaenda kupokea wageni katika hoteli moja karibu na stendi ya mabasi. Alikuwa ameishi hivyo kwa miezi kumi na minne.

Albamu ilikuwa ya kwanza, na ilikuwa yake peke yake kwa kila hali. Alitunga, akaimba, akapiga kinanda, akarekodi, akazichanganya sauti. Kwenye orodha ya walioshiriki aliandika jina lake kila mstari, mpaka dada yake akamtania kwamba sasa kilichobaki ni ainunue mwenyewe na kuisikiliza mwenyewe. Zilikuwa nyimbo tisa katika lugha nne: Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza, na lugha ya bibi yao, ambayo Chiriku hakuijua hata salamu.

Dada aliijua. Alimzidi Chiriku miaka kumi na mitano, akaishi na bibi utotoni, na mama yao alipofariki yeye ndiye aliyemlea mdogo wake. Ndiye aliyempa jina la Chiriku pia, kwa kuwa mtoto alikuwa wa kuchonga mdomo hata tonge likiwa shavuni. Enzi zake Dada alikuwa mwimbaji wa harusini, na sauti yake iliwafanya wapishi wasahau masufuria. Kisha koo likaharibika, likapasuliwa na kushonwa, na tangu hapo alizungumza kwa mkwaruzo ambao watu wakiusikia kwenye simu walidhani mtandao unasumbua.

Chiriku alipotaka wimbo mmoja wa kumkumbuka bibi, Dada alimwandikia maneno kwenye karatasi, silabi kwa silabi, akamwambia ni wimbo wa kumbembelezea mtoto. Wiki tatu nzima alikaa kwenye kitanda cha mdogo wake akimsahihisha kila herufi, hata mahali pa kuvuta pumzi. Siku Chiriku alipouimba wote bila kukosea, Dada alijifuta machozi kwa upindo wa gauni. Chiriku naye akalia, akidhani wanamlilia bibi.

Wimbo huo ndio uliorudi na sauti nne.

Kwenye kompyuta kila sauti ina mstari wake, na mistari ilikuwa mitatu. Chiriku aliunyamazisha wa kwanza, akanyamazisha wa pili, akanyamazisha wa tatu. Ilipaswa kuwa kimya. Katika hedifoni sauti ya nne iliendelea kuimba, safi, yenye joto, bila mstari wowote chini yake.

Mwimbaji mwenye mtu wa kumsimamia kazi angeambiwa palepale: simama, hii ni nini? Chiriku hakuwa na mtu. Alikuwa na masikio yake tu, na masikio yake yalimwambia kwamba kitu kile ni kizuri kuliko chochote alichokiimba tangu azaliwe. Basi alifanya kosa ambalo ni wasanii wa kujifanyia kila kitu peke yao tu wanaoweza kulifanya. Alifungua mstari wa nne, mtupu, akaupa jina "mgeni", akauacha wazi.

Wiki mbili baadaye alikamilisha wimbo wa mwisho wa Kifaransa. Mchana ule, hotelini, walifika mzee na mkewe wakiburuta masanduku, wakamsalimia kwa Kifaransa. Chiriku alifungua kinywa kuwajibu. Hakikutoka kitu. Si kwamba alisahau neno moja au mawili. Mahali lugha ile ilipokuwa palikuwa wazi, pamefagiliwa. Yule mama alirudia kusema, polepole na kwa tabasamu, na masikioni mwa Chiriku ikawa ni kelele ya vyombo vinavyooshwa. Mwenzake wa mapokezi ilibidi aje kumwokoa, akamuuliza kwa sauti ya chini kama amekunywa.

Alisingizia uchovu. Akiwa nyumbani aliufungua wimbo alioutunga kwa mkono wake, akasikiliza sauti yake ikipanda na kushuka kwa madaha, na hakuambulia hata neno moja. Kwenye mstari wa nne palikuwa na alama za sauti sasa, zimejaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Yeye hakuwa amerekodi chochote pale.

Siku hizohizo maiki ilianza kunuka. Kila mwimbaji anaijua harufu ya maiki yake, maana sponji inayoifunika hunywa pumzi za kinywa kimoja mwaka mzima. Hii haikuwa harufu yake. Ilikuwa ya kinywa kilichofungwa siku nyingi, kikavu, cha mtu asiyekula. Aliiosha sponji kwa sabuni, akaianika dirishani kwenye jua kali, na alipoirudisha usoni harufu ilikuwa pale, na sponji ilikuwa na joto kidogo, kana kwamba mtu ametoka kuitumia sasa hivi.

Angeacha, pengine. Lakini katika wiki hiyo lilitokea jambo lililompofusha kwa furaha. Dada alikuwa bafuni anafua, na kutoka bafuni ukaja mvumo wa wimbo. Haukuwa na maneno, ulikuwa ni mm-mm tu ya mtu anayesugua kola, lakini haukukwaruza. Chiriku alikimbia akamkumbatia na mapovu yake. Dada alimshika mashavu kwa mikono iliyolowa, akamwambia asimwambie mtu bado, huenda ni bahati ya siku moja. Kisha akamuuliza albamu imefika wapi, na akamsihi aimalize.

Chiriku aliimaliza sehemu ya Kiingereza siku kumi baadaye. Alipoamka kesho yake, maandishi ya Kiingereza kwenye simu yake yalikuwa ni mikwaruzo. Meneja wa hoteli alimpa likizo ya ugonjwa, daktari akampima kichwa na damu, akamwambia apumzike. Alikaa kwenye ngazi za hospitali akijizungumzia kwa Kiswahili, taratibu, kutaja majina ya vitu alivyoviona: ngazi, kiatu, mlango, paka, ukuta. Yote yalikuwepo bado. Alifumba mdomo upesi kama mtu anayeficha kitu wasije wakamnyang'anya.

Uliobaki ulikuwa wimbo mmoja, wa Kiswahili, ambao aliurekodi nusu. Alikata shauri hataugusa. Asubuhi iliyofuata aliufungua tu kuutazama, akakuta kwenye mstari wa mgeni ubeti wa pili ambao hakuwahi kuuimba. Kesho yake palikuwa na ubeti wa tatu. Siku ya tatu alijifungia chumbani na kompyuta mapajani, jua la saa tano likiwa limejaa sakafuni, na akaona kwa macho yake alama za sauti zikisogea zenyewe kwenye kioo, kidogo kidogo, na kutoka kabatini, nyuma ya magauni yaliyotulia, akasikia mtu akivuta pumzi kabla ya kila mstari, palepale anapoivutia yeye.

Alitoka mbio hadi jikoni. Dada alikuwa amempa mgongo, anakaanga mayai, na alikuwa anaimba.

Aliimba Kifaransa. Dada, aliyeacha shule darasa la sita, aliimba wimbo wa tatu wa albamu kwa maneno yaliyonyooka, na kabla ya neno la mwisho la kila mstari alisita nukta moja kisha akalidondosha, kosa dogo la Chiriku ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kumtoa. Chiriku alisimama mlangoni akashika mwimo. Alimuuliza Dada wimbo ule ameujulia wapi. Dada hakugeuka. Alisema ukuta ni mwembamba, na mtu akisikia wimbo miezi yote hii, hata ukuta ungeimba. Akapakua mayai sahani mbili.

Chiriku hakula. Kichwani mwake lilikuwa limeanza kujipanga jambo asilotaka kulitazama: kila kitu kilianza na wimbo wa bibi.

Alimkumbuka fundi saa. Alikuwa mtu mwembamba aliyefika hotelini kila mara saa ya ukumbini ilipokwama, na mara moja Chiriku alimsikia akiongea na simu kwa lugha yenye mdundo uleule wa bibi. Duka lake lilikuwa uchochoro wa nyuma ya stendi, chumba cha upana wa mikono miwili. Watu ambao saa zao zilikuwa nzima nao walikuja pale, hasa asubuhi, wakaingia nyuma ya pazia na wakatoka wakiwa wepesi kuliko walivyoingia. Chiriku alikuwa akiwacheka watu wa namna hiyo.

Alimwamkia, akamweleza anataka tafsiri tu ya wimbo. Fundi alikuwa na kioo cha kukuzia jichoni na saa ya mkononi imefunguka matumbo mezani. Alipokea hedifoni, akasikiliza huku akiendelea na kazi. Kisha koleo lake dogo likasimama. Alisikiliza hadi mwisho, akazivua hedifoni kwa vidole viwili, akaziweka mbali naye, akaondoa kioo jichoni.

"Nani alikuandikia haya, mwanangu?"

"Dada yangu."

"Wa tumbo moja?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Fundi alitazama mlangoni, akainuka na kuurudishia mlango, ndipo akasema kwa sauti ya kunong'ona, kifungu kwa kifungu, kama mtu anayeokota vigae.

"Unasema hivi. Uliye na njaa ya sauti, njoo. Mlango ni kinywa changu, nimekufungulia mwenyewe. Kula lugha zangu moja baada ya moja. Na kadiri unavyoshiba, sauti yangu mpe dada yangu."

Saa zote za ukutani zilikuwa zikitembea, kila moja na mwendo wake. Chiriku alisema si kweli. Alisema Dada alilia siku ile, alilia machozi, aliona kwa macho yake. Fundi hakubishana naye. Alimwambia kwamba jini hilo ni la zamani katika watu wa lugha ile, halivunji mlango wala haliibi, hula palipokaribishwa tu, na karibu yake lazima itoke kinywani mwa mwenye sauti. Dada mtu asingeweza kumkaribishia. Ndiyo maana alihitaji wiki tatu za mazoezi.

Wiki tatu. Chiriku aliikumbuka kila siku yake: Dada amekunja miguu kitandani, Dada anampigia makofi taratibu, Dada anasema rudia, hapo bado, hapo lainisha. Kuna maumivu ya kuibiwa na kuna maumivu ya kugundua kwamba mwizi alikusaidia kubeba mzigo hadi mlangoni. Alitamani aliyemfanyia hivi awe mtu mwingine yeyote duniani, awe hata adui, ili apate kumchukia kwa raha. Alikaa pale kwenye kiti cha wateja akalia bila sauti, maana aliogopa hata kilio kisije kikawa cha mwisho.

Fundi alimwambia asiifute albamu, kwa kuwa kilicho tumboni mwa jini kimo humo, akifuta, amezika. Wala asitoroke. Aliyekaribisha ndiye wa kufukuza, palepale alipokaribishia, kwa lugha ileile, kabla wimbo wa mwisho haujafika mwisho. Jini likitoka hutapika lilichokula. Alichukua karatasi ndogo ya kufungia mikanda ya saa, akaandika maneno matatu, silabi kwa silabi, akampa.

"Maana yake: rudi, mlango umefungwa. Yaimbe mara moja tu, wazi. Nenda sasa hivi, usisimame njiani."

Chiriku aliyatazama maneno yale matatu. Hakulijua hata moja.

Alipofika nyumbani, Dada alikuwa chumbani mwake, amekaa kitandani mahali palepale, kompyuta iko wazi kando yake. Wimbo wa mwisho ulikuwa unalia kwa sauti ya chini. Mstari wa mgeni ulikuwa umepita ubeti wa nne na unaingia kwenye daraja la wimbo, kile kipande kifupi kinachovusha kwenda kiitikio cha mwisho. Baada ya hapo kilibaki kiitikio tu. Chumba kizima kilinuka kile kinywa.

Chiriku alimweleza aliyoambiwa na fundi saa, kisha akamuuliza jambo moja tu, kama ni kweli. Dada hakujitetea kwa uongo, na pengine angedanganya ingekuwa nafuu. Alisema kweli. Alisema kwa sauti nzuri, laini, ambayo Chiriku hakuwahi kuisikia ikitoka kinywani humo tangu akiwa mtoto, na ambayo nusu yake ilikuwa ya Chiriku.

"Koo hili lilikufa kwa ajili yako. Daktari aliniambia nipumzike mwaka mzima, na mwaka ule wewe ulikuwa unaingia sekondari. Niliimba na damu mdomoni, harusi mbili kwa wiki, ili usome. Hicho Kifaransa, hicho Kiingereza, ni koo langu, Chiriku. Halafu umekaa kabatini mwaka mzima unaviimba, na mimi nakupikia, na kwenye orodha yako umeandika jina lako kila mstari."

Hapo Chiriku angeweza kuwa na jibu, na huenda lingekuwa jibu refu, maana sehemu ya maneno yale ilikuwa kweli na ilimchoma. Lakini daraja la wimbo lilikuwa linaisha. Aliingia kabatini akajivutia mlango.

Ndani palikuwa na giza la nguo. Magauni yalikuwa ya moto kama yametoka kuvaliwa. Aliipapasa maiki, akaipata, akaikunjua karatasi na kuimulika kwa simu, na mbele ya uso wake, ng'ambo ya sponji, kwa umbali wa pua na pua, pumzi nyingine ilikuwa inaingia na kutoka bila haraka, ikimsubiri, na kila ilipotoka ilitoka na harufu ile kavu ya njaa, na chini ya pumzi hiyo kilianza kiitikio cha mwisho, sauti yake mwenyewe ikiimba maneno ya Kiswahili aliyoyatunga akiwa na miaka kumi na tisa juu ya mapenzi yake ya kwanza, na kila neno lilipoimbwa nje lilichomoka ndani yake, akalisikia likichomoka, kwanza mvua, kisha barabara, kisha jina la rangi ya ukuta wa nyumba yao ya zamani, na alipolitafuta hakujua tena alikuwa anatafuta nini.

Alivuta pumzi. Alilishika neno la kwanza la Fundi kati ya meno.

"Chiriku." Dada alikuwa amesogea, midomo yake iko kwenye upenyo wa mlango wa kabati. Hakupaza sauti. "Hayo nayo umeandikiwa. Unajua maana yake?"

"Amenia... ameniambia."

"Mimi pia nilikuambia."

Kiitikio kilikuwa kimefika katikati. Aliisogeza karatasi kwenye mwanga wa simu, akaziona zile silabi, silabi zilizotenganishwa kwa vistari, vistari vilevile, unadhifu uleule wa mtu anayemwandikia mtu asiyejua kitu.

"Mimi nimekulea," Dada alisema taratibu, "na ona nilichokutenda. Yeye mmejuana tangu lini? Tangu saa tano ya leo? Na lugha yenyewe ni hiyohiyo, na jini ni la kwao. Imba basi, mdogo wangu. Imba tena usichokijua."

Chiriku alisimama na neno limejaa mdomoni. Lilikuwa na herufi nne, alilihisi ulimini, lina uzito. Alitaka kumwamini Fundi. Alitafuta ndani yake kile kitu ambacho mtu hukitumia kuamini, kile alichokitumia miaka yote bila hata kujua kuwa anakitumia, alipopewa dawa na kijiko akiwa na homa, alipoambiwa vuka sasa gari hakuna, alipopewa karatasi na kuambiwa ni wimbo wa kumbembelezea mtoto, akakuta mahali pake ni peupe tu, pamefagiliwa kama mahali pa Kifaransa, na huyo aliyepafagia hakuwa jini. Alijaribu. Alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua. Akalimeza lile neno.

Kiitikio kikafika mwisho, kikaisha vizuri, kwa ile noti ndefu aliyokuwa akijivunia. Pumzi iliyokuwa mbele ya uso wake ikamgusa midomo, mara moja, kwa baridi, kisha haikuwepo. Harufu ikaondoka. Nje ya kabati Dada alikohoa kidogo kusafisha koo, ingawa halikuwa tena na cha kusafishwa.

Albamu ilitoka Ijumaa iliyofuata. Watu waliipenda vibaya sana. Dada aliitoa kwa jina la Chiriku, akajitambulisha kuwa yeye ndiye Chiriku, na waandishi walipokuja nyumbani waliona dada mmoja mkubwa mwenye sauti ya ajabu na mdogo wake mgonjwa, anayekaa dirishani akitazama nje, ambaye mwimbaji alimlisha kwa mkono wake na kumfuta midomo. Waliandika juu ya upendo huo pia. Na haukuwa uongo wote, maana Dada hakuwahi kumlisha mdogo wake chakula kilichopoa.

Siku moja alasiri Dada alikuwa anapanga lile kabati, sasa lina magauni mapya ya jukwaani, akaokota kikaratasi sakafuni, cha kufungia mikanda ya saa. Alikisoma akiwa amesimama. Akakisoma tena. Akaenda dirishani, akapiga magoti mbele ya kiti cha mdogo wake na kumshika mikono yote miwili.

"Rudi, mlango umefungwa," alisema. "Ndivyo yalivyoandikwa kweli, Chiriku. Hakukudanganya yule mtu. Ungeyaimba tu, ungepona, na mimi ningebaki bubu kabisa. Nilisema vile kwa kuwa niliogopa."

Alisema na mengine mengi, akalia, akaomba msamaha. Chiriku alimtazama mdomo. Masikioni mwake ilikuwa ni kelele ya vyombo vinavyooshwa, vingi, mbali. Lakini sauti yenyewe aliijua. Aliijua kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe, akainama kuisogelea, akatabasamu, akasubiri iimbe.